Somo Haliishi Kengele Inapolia: Nafasi ya Tafakuri katika Kufundisha na Kujifunza

Mwalimu yeyote aliyepitia chuo cha ualimu hapa Kenya analijua andalio la somo. Juu kuna tarehe, gredi, mada na idadi ya wanafunzi. Katikati kuna utangulizi, hatua za somo na hitimisho. Chini kabisa, baada ya yote hayo, huachwa mistari miwili mitatu ambapo mwalimu anatakiwa aandike tafakuri yake kuhusu somo alilolifundisha.

Katika kazi yangu ya ualimu hapa Pwani nimeyapitia maandalio mengi, yakiwamo ya walimu wanafunzi wanaoletwa shuleni kwa mazoezi. Mistari ile ya chini aghalabu huwa na maneno yale yale: "Somo lilifaulu." "Wanafunzi walishiriki vizuri." "Lengo lilifikiwa." Wako wanaoyaandika usiku, pamoja na andalio lenyewe, kabla somo halijafundishwa. Somo halijazaliwa na tayari limeshapewa sifa.

Simlaumu mtu. Mwalimu mwenye madaftari hamsini ya kusahihisha, vipindi vya kufululiza na mwalimu mkuu anayesubiri rekodi za kazi atatafuta njia ya mkato. Lakini ningependa wasomaji, walimu kwa wazazi, tuielewe ile mistari miwili mitatu. Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka sisi Wapwani hukaa vikao tukalaumiana: wazazi wakawalaumu walimu, walimu wakawalaumu wanafunzi, na wote tukailaumu serikali. Vikao huisha na mwaka wa pili tukarudi pale pale. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya dawa iko katika jambo dogo tulilolifanya la kujaza fomu, nalo ni kukaa baada ya somo na kujiuliza: mtoto huyu ameelewa nini, na kesho nibadilishe nini?

Tafakuri ni nini hasa?

Neno tafakuri limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na wa fikra na kufikiri. Kwa hivyo si neno geni kwetu. Ila katika elimu lina maana mahususi. Kukumbuka somo si kulitafakari. Mtu anaweza kukumbuka kila alichokisema darasani asijue kwa nini wanafunzi hawakumwelewa.

Mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, aliandika kitabu kiitwacho How We Think mwaka 1910. Humo alieleza kwamba fikra za kweli huanza pale mtu anapokwama. Alitumia mfano wa msafiri aliyefika njia panda. Njia ikiwa moja, miguu hujiendea yenyewe. Zikigawika mbili, msafiri hana budi kusimama, kuangalia dalili, kukumbuka alichoambiwa, kisha kuamua na kuona kama uamuzi wake ulikuwa sawa. Kwa hivyo tafakuri ina vitu vitatu: swali linalokera, ushahidi wa kuangalia, na uamuzi wa kujaribiwa. Kikikosekana kimoja, kinachobaki ni mawazo ya kupitisha wakati.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1983, Donald Schön, naye wa Marekani, aliandika kuhusu namna mafundi na wataalamu wanavyofikiri kazini. Alitofautisha tafakuri ya aina mbili. Moja hufanyika kazi ikiendelea, nyingine hufanyika kazi ikishamalizika. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuielewa tofauti hiyo. Mpiga udi katika taarabu akiona mwimbaji amechelewa kuingia, huongeza kipande kidogo cha kumngojea, na wasikilizaji wala hawatambui. Hiyo ni tafakuri ya papo hapo. Harusi ikishaisha, wanamuziki wakikaa kwenye kahawa wakaulizana ni wapi walipopotezana na vipi watapaweka sawa, hiyo ni tafakuri ya baadaye.

Mwalimu anazihitaji zote mbili. Akiona nyuso zimekunjamana, abadilishe mfano hapo hapo. Kengele ikilia, aulize kwa nini mfano wa kwanza ulishindwa. Bila swali hili la pili, mwaka ujao atauleta mfano ule ule na nyuso zitakunjamana vile vile.

Nusu na thuluthi

Maelezo matupu hayatoshi, basi tuchukue hesabu moja. Mtoto anaulizwa: 1/2 + 1/3 ni ngapi? Mwalimu yeyote aliyefundisha akisami ameshaliona jibu la 2/5. Mtoto amejumlisha 1 na 1 akapata 2, kisha 2 na 3 akapata 5.

Mazoea yetu ni haya. Mwalimu anatia mkasi mwekundu, anafanya hesabu ubaoni, na darasa linaambiwa liandike masahihisho. Mtoto ananakili 5/6 kwa mwandiko mzuri, daftari linatiwa sahihi, na mada inafungwa. Wiki ya pili akipewa 1/2 + 1/4 anajibu 2/6. Hapo mwalimu anasema, "Watoto hawa hawasikii."

Sasa tuone mwalimu anayetafakari atafanya nini na daftari lilo hilo.

Kwanza atauliza ni nini hasa kilichotokea. Akipekua madaftari anaona watoto ishirini wameandika 2/5. Uvivu hauzai jibu moja kwa watu ishirini. Wavivu ishirini wangeleta majibu ishirini. Wakilingana namna hii, basi kuna fikra moja wanayoifuata wote.

Pili atauliza ni fikra gani hiyo. Tangu gredi ya kwanza mtoto amefunzwa kwamba ukiona alama ya kujumlisha, unajumlisha ulichokiona, na miaka yote hiyo njia hiyo imempa alama. Leo ameona namba nne akazijumlisha. Kwake yeye, 1/2 si kitu kimoja kilicho nusu. Ni 1 na 2 zilizopandana.

Tatu atauliza somo lake lilikuwa na mwanya gani. Pengine lilianza moja kwa moja na kigawe kidogo cha shirika, yaani kanuni ilikuja kabla ya maana. Pengine tatizo si hesabu kabisa, bali ni Kiingereza cha swali lenyewe, maana mtoto anayeijua nusu ya mkate kwa Kiswahili anaweza kupotea katika maneno ya kitabu. Haya ni maradhi mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Nne atauliza kesho aingie vipi. Labda atachora ubaoni mkate wa sinia uliokatwa vipande sita sawasawa. Nusu yake ni vipande vitatu. Thuluthi yake ni vipande viwili. Ukiviweka pamoja ni vipande vitano katika sita. Kisha awarudie wenye jibu la 2/5 awaulize: "Ulikuwa na nusu ya mkate, ukaongezwa mwingine, na sasa unasema unacho chini ya nusu. Nani kakulia?" Watoto watacheka, lakini wataona kwa macho yao kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, na kwamba jibu lile haliwezekani hata kabla ya kutafuta la sawa.

Angalia: mwalimu huyu hakuhitaji kompyuta wala kitabu kipya. Alihitaji kuliangalia kosa kama habari aliyoletewa, badala ya kuliona ni utovu wa adabu.

Mtoto wa Mvita aliyeambiwa hajui Kiswahili

Mfano wa pili unatuhusu Wapwani zaidi, na unaniuma.

Mwenzangu mmoja, mwalimu aliyetoka bara, alipangiwa kufundisha Kiswahili katika shule yenye watoto wengi wa nyumba za Waswahili. Alitarajia kazi itakuwa nyepesi. Badala yake insha zilirudi na wino mwekundu mwingi, na watoto waliokuwa wakizungumza kwa ufasaha nje ya darasa walikuwa wakipata alama za chini kuliko wenzao waliojifunza Kiswahili shuleni. Baadhi ya watoto hao walishaanza kusema kwamba Kiswahili ni kigumu. Fikiria mtoto wa Mji wa Kale akisema Kiswahili ni kigumu!

Mwalimu huyu alifanya jambo rahisi. Alichukua insha chache akayaorodhesha kwenye karatasi maneno yote aliyoyapigia mstari: mtele, mtanga, kuteka, ndaa, ndia, ndoo. Yalipokuwa yametawanyika katika insha yalionekana ni makosa ya hovyo. Yalipokaa pamoja yalijitenga yenyewe kwa makundi mawili. Palipotakiwa "ch" mtoto aliandika "t": mchele, mchanga, kucheka. Palipotakiwa "nj" mtoto aliandika "nd": njaa, njia, njoo. Hakukuwa na uhovyo wowote. Mtoto alikuwa akiandika Kimvita cha mamake, tena kwa utaratibu.

Wenye kujua historia ya lugha hawatashangaa. Mwaka 1928 palifanyika mkutano papa hapa Mombasa, na ndipo lahaja ya Kiunguja ilipochaguliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuusimamia usanifishaji huo. Kwa hivyo uamuzi ulifanyiwa Mombasa, lakini lugha ya Mombasa haikuwa ndiyo iliyochaguliwa. Mtoto wa Mvita, wa Lamu au wa Pate anapoingia darasani anavuka kutoka lahaja moja hadi nyingine, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba anavuka.

Siku ya pili mwalimu alichora safu mbili ubaoni, moja akaiita "Nyumbani" na nyingine "Shuleni". Aliandika mtele upande mmoja na mchele upande wa pili, kisha akawaachia watoto chaki. Ubao ulijaa. Watoto walicheka, hasa kwenye ndoo, kwani mmoja alisema kumbe ndiyo maana mwalimu alimuuliza kwa nini anaita ndoo ya maji. Hakuna aliyeambiwa lugha ya nyumbani kwao ni mbovu. Waliambiwa tu kila moja ina mahali pake, na namna ya kutoka huku kwenda kule.

Kazi haikuishia hapo. Katika insha za wiki iliyofuata mtoto mmoja aliandika "mchocho" akimaanisha mtoto. Kanuni ilikuwa imemlevya, akaitia kila palipo na "t". Mwalimu aliliandika hilo kwenye mistari yake miwili mitatu ya chini: somo lijalo, kuonyesha maneno yasiyobadilika. Mistari hiyo ilikuwa na faida kuliko kurasa nzima za "somo lilifaulu".

Tafakuri za bandia

Kutokana na niliyoyaona, kuna mambo matatu yanayovaa kanzu ya tafakuri na kumbe siyo.

La kwanza ni sifa. "Wanafunzi walifurahia somo." Kufurahia si kuelewa. Darasa laweza kuimba, kupiga makofi na kucheza, na likatoka halikuchukua kitu. Sifa zisizo na ushahidi wa daftari la mtoto hazimsaidii mwalimu kujua kesho afanye nini.

La pili ni lawama. "Darasa hili ni zito." "Wazazi wa mtaa huu hawajali." Huenda yana ukweli ndani yake. Lakini hata yakiwa kweli, mwalimu akiishia hapo amejifungia mlango, maana ameyataja mambo asiyoweza kuyabadilisha kesho saa mbili asubuhi. Tafakuri hutafuta lile lililo mkononi mwako.

La tatu ni majuto. Mwalimu mpya, hasa aliye mwepesi wa moyo, husema, "Mimi sifai." Kujihukumu namna hiyo hakuna faida kwa mwanafunzi. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Aliyejikwaa huangalia jiwe liko wapi, halilii jiwe.

Basi kipimo ni hiki. Ukimaliza kutafakari, je, unaweza kutaja kitu kimoja utakachokifanya tofauti katika kipindi kijacho? Ukiweza, umetafakari. Usipoweza, rudi kwenye madaftari.

Mwanafunzi naye atafakari

Mpaka hapa nimemzungumzia mwalimu. Lakini mwanafunzi ndiye mwenye safari. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia John Flavell wa Marekani alianza kuchunguza namna watoto wanavyojua, au wasivyojua, kile wanachokijua. Wengi wetu tumeliona jambo hilo nyumbani. Mtoto anasoma daftari lake mara tatu, unamuuliza kama ameelewa, anasema ndiyo. Unafunga daftari, unamwambia, "Haya, nieleze," naye anaganda. Hakudanganya. Maneno yalikuwa yameshazoeleka machoni pake, akadhani kuyazoea ni kuyajua.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unataja umilisi saba wa msingi. Mmojawapo ni kujifunza jinsi ya kujifunza. Umilisi huu hauna kitabu chake wala kipindi chake kwenye ratiba, na labda ndiyo sababu tunausahau. Njia ya kuujenga ni kumpa mtoto nafasi ya kujichunguza.

Inahitaji dakika tano za mwisho wa kipindi. Watoto wafunge vitabu na kila mmoja aandike au aseme mambo matatu: leo nimeelewa nini kwa maneno yangu mwenyewe, ni wapi nilipokwama, na nitafanya nini ili nijinasue. Mwanzoni majibu yatakuwa mafupi: "Nimeelewa hesabu." Mwalimu asikasirike. Ajibu kwa kuuliza, "Hesabu gani? Nipe mfano." Mtoto hujifunza kutafakari kama anavyojifunza kuogelea: kwa kutiwa majini mara nyingi, mtu mzima akiwa karibu.

Masahihisho nayo yabadilike. Badala ya mtoto kunakili jibu la ubaoni, aandike sentensi moja chini yake: "Nilidhani hivi, kumbe ni hivi, kwa sababu..." Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kunakili hesabu kumi, kwani inamlazimisha kuikabili fikra iliyompoteza. Na mwalimu akiisoma, anapata malighafi ya tafakuri yake mwenyewe. Hapo tafakuri ya mwanafunzi na ya mwalimu hukutana na kulishana.

Si mgeni kwetu

Kuna wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu. Majina niliyoyataja ni ya kigeni, lakini chimbuko la jambo lenyewe tunalo.

Anayehifadhi Qur'ani chuoni anajua kwamba haruhusiwi kukimbilia sura mpya akaiacha ya zamani ipotee. Kuna muda wa kudurusu, na ustadhi mzuri husikiliza ni wapi mwanafunzi anaposita, akamrudisha papo hapo. Kudurusu peke yake ni kurudia, na tafakuri inataka zaidi ya hapo. Lakini desturi ya kusimama, kurudi nyuma na kupima kabla ya kuendelea tunayo tangu utotoni.

Kadhalika ufundi. Katika kijiji cha Matondoni kule Lamu, kinachojulikana kwa ujenzi wa majahazi na mashua, mwanagenzi hakujifunza kwa kupewa maelezo ya kunakili. Alishika tezo, akachonga, fundi akaja akautazama ubao kwa jicho moja, akamuuliza mwenyewe anaonaje. Ubao usiposhikana na wa pili maji yataingia, na maji hayasikizi visingizio. Mwanagenzi alilazimika kuutazama tena, kutafuta ni wapi mkono ulipozidi, na kuchonga upya. Tatizo ni kwamba tulipoingia shule za madawati tuliiacha desturi hiyo nje ya lango, tukaleta mkasi mwekundu mahali pa swali la "waonaje?"

Kutafakari na mwenzako

Mtu kujiona kisogo ni tabu. Kwa hivyo tafakuri ya mtu mmoja ina mpaka. Wajapani wamekuwa na desturi kwa zaidi ya karne moja ambapo walimu huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha, wengine wakakaa nyuma kuangalia wanafunzi wanafanya nini, kisha wote wakakaa kulijadili. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba wanaoangalia huangalia watoto kuliko wanavyomwangalia mwalimu. Swali si kama mwalimu alikuwa hodari. Swali ni yule mtoto wa dawati la tatu alifikaje kwenye jibu lile.

Kenya ilionja jambo hili. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, ulianzishwa mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, na baadaye ukaenea nchi nzima. Miongoni mwa misingi yake ulikuwa mzunguko wa hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Hatua ya tatu na ya nne ndizo tafakuri. Walimu wengi wa sekondari waliopitia mafunzo hayo wangali kazini, na shule ikiwa na mmoja wao, hapana haja ya kungoja semina. Akae na wenzake baada ya masomo, awaonyeshe.

Shule ndogo haihitaji makubwa. Walimu wawili wakubaliane kwamba kila Ijumaa watakaa dakika ishirini, kila mmoja na madaftari matatu: la mtoto aliyeelewa, la aliyeelewa nusu, na la aliyepotea. Waulizane watoto hao walifikiri nini. Madaftari matatu yanasomeka hata katika darasa la watoto sitini, na mara nyingi yanatosha kuonyesha kinachoendelea katika yale mengine.

Lakini kuna sharti moja, na hapa nazungumza na walimu wakuu. Mwalimu akiandika kwa ukweli kwamba somo halikueleweka, akaitwa ofisini na kukemewa, mara ya pili ataandika lilifaulu, na maisha yake yote ataandika lilifaulu. Tutakuwa tumemfunza kusema uongo kwa mwandiko mzuri. Kiongozi anayetaka tafakuri ya kweli aujibu ukweli kwa swali la msaada: "Wahitaji nini ili kesho lieleweke?" Usalama wa mwalimu kusema kweli ndio mlango wa mambo yote niliyoyaeleza.

Na mzazi nyumbani

Ripoti za siku hizi haziandiki tena mtoto amekuwa wa ngapi. Zinasema amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio au yuko mbali na matarajio. Wazazi wengi wameniambia hawajui wafanye nini na maneno hayo. Nami nawaambia, neno "anakaribia" ni mwanzo wa mazungumzo. Nenda umuulize mwalimu: anakaribia kutoka wapi, na kilichomkwamisha ni kipi? Mwalimu anayetafakari atakuwa na jibu. Asiyetafakari, swali lako litamfanya aanze.

Kwa mtoto mwenyewe, tubadilishe swali la jioni. Tumezoea kuuliza, "Leo mmesoma nini?" naye anajibu, "Hesabu," kisha akakimbilia mpira. Tumuulize, "Leo ni jambo gani lililokutatiza, na ulifanya nini?" Akisema hakuna, mwambie akufunze wewe alichofunzwa, kama kwamba hukusoma. Hapo ndipo yeye mwenyewe atakapogundua ni wapi panapovuja. Mzazi asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuifanya kazi hii vyema sawa na profesa, kwa sababu kinachohitajika ni masikio na subira.

Nayo hukumu tuizuie. Mtoto akikwambia ameshindwa na akisami, usimtaje binamu yake anayeweza. Ukimtaja, kesho atakuficha. Mwambie, "Nionyeshe pale ulipoanzia." Mara nyingi, akiwa anakuonyesha, atasita katikati, aseme, "Ah, kumbe!" Hiyo "kumbe" ndiyo tunayoitafuta, na haiwezi kunakiliwa kutoka ubaoni.